Bawaba za kabati la jikoni: kabla hujanunua 29, piga magoti mbele ya sinki

Swali: "Habari fundi. Ninaishi Mamboleo, hapa Kisumu. Makabati ya jikoni yetu hayajafikisha miaka miwili. Yana milango 14 ya MDF iliyopakwa rangi, na masanduku yenyewe ni ya ule ubao mweupe wa chipubodi. Mlango mmoja wa chini ya sinki umeng'oka, mwenzake umelegea na bawaba yake imeshika kutu, na ule mlango mrefu wa kabati la vyakula umeinama mpaka unakwaruza droo ya jirani. Fundi aliyeyafunga anasema nitoe bawaba zote niweke za stenlesi. Shemeji anasema ninunue zile za Ulaya zinazojifunga polepole. Mama kule Vihiga anatucheka tu, maana kabati lake la mvule lina bawaba za kipepeo na halijaguswa tangu nikiwa shule ya msingi. Ni zipi zitakazodumu?"

Dada, pole kwa mlango. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu wote watatu wana ukweli kidogo, na ukiwafuata wote pamoja utanunua bawaba 29 na mlango utaanguka tena kabla ya Krismasi. Nimehesabu hivi: milango 13 yenye bawaba mbili mbili, na ule mrefu ambao nadhani una tatu. Ukikuta una mbili, ndiyo mbaya zaidi.

Anza na jambo lisilogharimu kitu. Chukua tochi, piga magoti mbele ya sinki, utazame mahali bawaba ilipong'oka. Ikiwa mkono wake, kile chuma kirefu kinachoingia sandukuni, haujapinda, kikombe chake, kile kiduara kilichozama mlangoni, ni kizima, na skrubu zimetoka zikiwa na unga wa ubao umeng'ang'ania katikati ya meno, basi bawaba haikufa. Kilichokufa ni tundu. Hilo ndilo ninalolikuta mara nyingi ninapoitwa kutengeneza makabati, kuliko bawaba iliyovunjika. Unaweza kununua bawaba nzuri kuliko zote mjini ukaifunga kwenye tundu lilelile, nayo itatoka vilevile, ila safari hiyo itakuwa imetoka kwa bei kubwa.

Ndiyo maana mteja akiniuliza "bawaba gani ni imara?" mimi huanza kumuuliza ya kwangu: inashika ubao gani, inabeba kilo ngapi, na inakaa karibu na maji au mbali?

Tumwanze mama, kwa heshima yake. Kabati lake limedumu kwa sababu ya mvule. Bawaba ya kipepeo ni mabamba mawili na pini katikati, haina springi, haina cha kurekebisha, na karibu haina cha kuharibika. Skrubu zake zinaingia kwenye mbao yenye nyuzi ndefu, nyuzi zinaikumbatia skrubu na haziiachi. Lakini bawaba hiyo hufungwa ukingoni mwa mlango, na mlango wako ni MDF. MDF ni nyuzi fupi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kugandamizwa. Usoni ni ngumu, ukingoni hupasuka kama mkate wa juzi. Fundi akikuwekea kipepeo kwenye ukingo wa MDF ya milimita 18, utasikia ubao ukiguna skrubu inapoingia, na baada ya miezi michache ukingo utafura na kugawanyika mara mbili. Mama aendelee kucheka, ana haki. Ila dawa yake haiponyi ugonjwa wako.

Kwa MDF na chipubodi, bawaba inayofaa ni hiyo uliyonayo tayari, ya kikombe, iliyofichika ndani. Kikombe chake kina kipenyo cha milimita 35 na huzama milimita 12 hivi kwenye uso wa nyuma wa mlango. Mzigo unabebwa na shimo lote la kikombe, na zile skrubu mbili za pembeni kazi yake ni kukizuia kisitoke. Ndiyo sababu upande wa mlango hauharibiki haraka, iwapo shimo lilitobolewa kwa biti ya milimita 35 na si kwa patasi na bahati. Jaribu mwenyewe: shika kikombe kwa vidole ukitikise. Kikicheza ndani ya shimo, shimo ni pana, na hapo hakuna chapa itakayokuokoa.

Upande wa sanduku ndiko kunakouma. Pale kuna bamba dogo lililoshikwa na skrubu mbili fupi, kwa kawaida za milimita 16, kwenye chipubodi. Ubao huu ni chembe za mbao zilizogandishwa, wazi zaidi katikati kuliko usoni. Skrubu ikishakata njia yake mle ndani, ina nafasi moja tu ya kushika vizuri. Na nafasi hiyo, mara nyingi, huharibiwa siku ileile ya kwanza. Utamwona kijana ana drili ya betri, anaitia skrubu, drili inalia trrr, skrubu inafika mwisho, naye hajaachilia kidole. Inazunguka mara mbili zaidi. Kwa macho imekaza. Kwa kweli meno yake yameshasaga ubao kuwa unga, na kinachoishikilia ni rangi na sala. Mimi hutoboa kwanza tundu dogo la milimita 2.5, naendesha drili mpaka skrubu ibakishe kama milimita mbili, halafu namalizia kwa bisibisi ya mkono. Mkono unasikia ubao unaposema basi. Drili haisikii.

Sasa tupime uzito, maana watu wengi hudhani mlango wa kabati ni kitu chepesi. MDF ina uzito wa kilo 750 hivi kwa mita ya ujazo. Mlango wa upana wa milimita 600 na urefu wa 720, unene 18, unakaribia kilo 6. Kwa majedwali wanayotumia watengenezaji wakubwa wa bawaba, mlango wa upana usiozidi milimita 600 unahitaji bawaba 2 mpaka kilo 6 hivi, 3 mpaka kilo 12, 4 mpaka kilo 17, na 5 mpaka kilo 22. Milango yako ya chini ya sinki, kama ina upana huo, iko pembeni kabisa mwa kinachoruhusiwa. Ule mrefu, ukiwa na mita 2.1 kwa nusu mita, unagusa kilo 14. Ulihitaji bawaba 4 tangu siku ya kwanza. Haujainama kwa sababu bawaba ni za bei rahisi. Umeinama kwa sababu tatu zimepewa kazi ya nne.

Na uzito wa mlango wenyewe si mzigo wote. Tuseme bawaba mbili zimeachana sentimita 54 na mlango una kilo 6. Bawaba ya juu inavutwa kwenda nje kwa nguvu ya kilo 3 na kitu, hiyo haitishi. Mtoto wa kilo 15 akining'inia kwenye mkono wa mlango, kwa sababu biskuti ziko kabati la juu naye ameamua kupanda, bawaba hiyohiyo inavutwa kwa karibu kilo 16 zaidi ghafla, kwenye skrubu mbili, kwenye chipubodi. Hujaniandikia kama una watoto. Ukiwa nao, tayari umejua mlango wa kwanza ulivyoanguka.

Hapo kuna jambo mafundi wengi hulipuuza: umbali kati ya bawaba ya juu na ya chini. Ukizisogeza karibu, tuseme sentimita 30 badala ya 54, mvuto kwenye ile ya juu unakaribia kuongezeka maradufu bila mlango kuongezeka hata gramu moja. Ziweke karibu na ncha, kama sentimita 8 mpaka 10 kutoka juu na kutoka chini. Kwa mlango mrefu, bawaba ya ziada isogee kuelekea juu, kunakovutwa zaidi, badala ya kuwekwa katikati kabisa ili zipendeze.

Tuje kwenye kutu. Watu wa Kisumu hulaumu ziwa kwa kila kitu. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya Mombasa, na upepo wake peke yake hauli bawaba kwa miaka miwili. Adui wako yuko ndani ya nyumba, na wako kadhaa.

Wa kwanza ni gesi, na hili huwashangaza wengi. Gesi ya kupikia ikiungua hutoa maji kama mvuke, zaidi ya kilo 1.5 za maji kwa kila kilo ya gesi. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, umeacha hewani mwa jikoni zaidi ya lita 9 za maji, kabla hata hujahesabu mvuke wa sufuria ya maharagwe. Dirisha likiwa limefungwa ili mwali usiyumbe, mvuke huo unatafuta chuma baridi ukae.

Wa pili ni kitambaa. Nenda utazame milango yako ya sinki. Nitashangaa ikiwa bawaba yenye kutu si ya juu, upande ule unaotundika kitambaa cha kupangusia vyombo. Nimeliona hili mara nyingi mpaka sasa naingia jikoni natafuta kitambaa kabla ya kutazama bawaba. Kinatundikwa juu ya mlango, nusu nje, nusu ndani, kinachuruzika usiku kucha juu ya kikombe cha bawaba. Asubuhi kimekauka na hakuna anayekishuku.

Wa tatu ndiye mbaya kuliko wote, naye ni ile chupa ya dawa ya klorini ya kutakasa nguo nyeupe. Karibu kila nyumba huiweka chini ya sinki, na karibu kila kifuniko hakifungi sawasawa. Moshi wake mdogo usioonekana unakaa kwenye kabati lililofungwa na kutafuna chuma mchana na usiku. Hata stenlesi nzuri hutoboka vidoadoa kwa klorini. Kwa hiyo fundi wako akikuwekea stenlesi na chupa ikabaki palepale, utanipigia tena. Ihamishie bafuni, au nje, au mahali popote pasipo na bawaba. Dawa za asidi za kusugulia tailsi ziifuate huko.

Je, ununue stenlesi? Ndiyo, kwa milango miwili ya chini ya sinki. Kwa mingine 12 naona ni kujisumbua. Bawaba ya kawaida ni ya chuma kilichopakwa nikeli, na ikikaa pakavu, mbali na mvuke wa moja kwa moja, haitakuletea matatizo ya kutu.

Lakini stenlesi nayo ina majina mengi. Iliyo nzuri kwa jikoni ni daraja la 304, yenye kama asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Kuna 201, ambayo sehemu ya nikeli imebadilishwa kwa manganizi ili iwe rahisi, nayo hushika kutu mapema zaidi. Kisha kuna zile zilizoandikwa stenlesi kwenye boksi na ni chuma tupu kilichong'arishwa. Mimi hutembea na sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Wenye hadiwea hapa mjini wananijua kwayo, wengine wakiniona wanacheka, wengine wananuna. Sumaku ikirukia bawaba na kung'ang'ania kwa nguvu, hiyo siyo 304, uirudishe kaunta. Isiposhika, au ikishika kwa mbali tu kwenye mikunjo, endelea na uchunguzi. Nasema uendelee kwa sababu sumaku haitakutenganishia 304 na 201, hapo inabidi utegemee kilichopigwa chapa kwenye chuma chenyewe na duka unaloliamini. Pia usiishie kwenye kikombe. Gusisha sumaku kwenye bamba, kwenye ripiti, yaani zile pini zinazounganisha vipande vya bawaba, na kwenye skrubu zilizomo ndani ya kipakiti. Mara nyingi kikombe na mkono ni stenlesi, halafu skrubu ni chuma cha kawaida. Kutu huanzia hapo kwenye skrubu, na skrubu ndiyo inayoshika ubao.

Sasa shemeji. Zile zinazojifunga polepole zina kifaa kidogo chenye mafuta ndani, kinachoukamata mlango kwenye sentimita za mwisho na kuuteremsha taratibu. Usimwache akuambie kwamba kifaa hicho kinaifanya bawaba kuwa imara zaidi. Chuma ni kilekile. Faida yake iko kwingine: mlango haubamizwi, na kila mlango unapobamizwa zile skrubu za kwenye chipubodi hupigwa ngumi ndogo. Kwa nyumba yenye watoto, au yenye mtu anayefunga kabati kwa goti akiwa na sufuria mikononi, faida hiyo ni ya kweli. Kwa kabati la sahani za wageni, linalofunguliwa Krismasi na siku ya mahari, ni anasa. Kuna mlango mmoja ningekuwekea hata kama hukuniuliza, nao ni ule mrefu, kwa sababu kilo 14 zikijibamiza, kabati zima hutikisika.

Ikiwa mlango ni mwepesi na bawaba zote mbili zina kifaa hicho, unaweza kuukuta unasinzia, haufiki mwisho. Baadhi ya bawaba zina kiswichi kidogo cha kukizima, basi zima kimoja. Na mtu asije akakinyunyizia mafuta kwa nia njema. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ripiti za bawaba ya kawaida ni sawa, ila kifaa cha kufunga polepole kiachwe kama kilivyo.

Kuhusu "za Ulaya", kuna kampuni zilizojenga jina kwa kazi hii, kama Blum ya Austria, iliyoanza 1952, au Hettich ya Ujerumani, ambayo asili yake ni 1888. Ni bawaba nzuri, nimezifunga na nimefurahi. Lakini kinachokuhusu ni mizunguko. Ulaya wana kipimo kiitwacho EN 15570, ambapo bawaba hufunguliwa na kufungwa kwa mashine, na daraja la juu ni mara 80,000. Ikiwa boksi linataja kipimo hicho na idadi hiyo, unajua unanunua nini. Mlango wa sinki ukifunguliwa mara 30 kwa siku, ni karibu mara 11,000 kwa mwaka, kwa hiyo 80,000 ni miaka saba na kitu. Mlango wa vyakula ukifunguliwa mara 5, idadi hiyohiyo ni zaidi ya miaka 40. Ndipo utaona kwa nini nakataa kukuuzia bawaba za aina moja kwa milango 14. Pesa zako ziende kwenye mlango unaofanya kazi.

Boksi lisipotaja chochote, tumia mikono. Kwenye kaunta, omba bawaba mbili za aina tofauti, moja kila mkono. Nzito zaidi kwa kawaida ndiyo yenye chuma kinene. Shika kikombe kwa mkono wa kushoto, mkono wa bawaba kwa kulia, ifunge nusu, kisha jaribu kuisokota kushoto na kulia, kama unavyojaribu jino la mtoto. Ikicheza ikiwa mpya dukani, fikiria itakuwaje baada ya mwaka ikiwa na kilo 6. Ifunge polepole uisikilize. Springi nzuri hushika mwishoni kwa mlio mmoja mzito. Mbaya hukwaruza njiani, au inafunga kabla hujaisukuma. Tazama ripiti, zijae matundu yake, zisiwe na mwanga pembeni. Zungusha skrubu za kurekebishia: zigeuke kwa ulaini lakini zisiwe legevu. Ile inayogeuka kwa ukucha itajigeuza yenyewe jikoni kwako. Muuzaji akikuharakisha kwa sababu ya foleni, mpishe wa nyuma yako umalize.

Kabla hujaondoka nyumbani, jua aina ya mkono wa bawaba yako. Fungua mlango, itazame bawaba kwa ubavu. Ikiwa mkono umenyooka, mlango wako unafunika ubavu wote wa sanduku. Ukiwa na kakona kadogo, milango miwili inagawana ubavu mmoja, kila mmoja nusu yake. Ukiwa umepinda kama kiwiko, mlango unaingia ndani ya sanduku. Kwa maelezo yako, milango ya sinki na ule mrefu inaelekea kuwa ya mkono ulionyooka, lakini usininukuu, tazama. Bora zaidi, ing'oe bawaba moja ubebe dukani kwenye mkoba. Shimo la milimita 35 linapatana na karibu bawaba zote za sokoni, kwa hiyo mlango hautahitaji kutobolewa upya, ila hakikisha umbali kati ya skrubu mbili za kikombe ni uleule, mara nyingi milimita 48. Bamba na mkono ndivyo visivyopatana kati ya chapa na chapa. Nunua vyote kwa pamoja, usichanganye.

Hesabu yangu, basi: bawaba 4 za stenlesi kwa sinki, 4 za chuma kinene zenye kujifunga polepole kwa mlango mrefu, zote za aina moja ili zisipingane, na 2 za akiba za ile aina iliyo kwenye milango mingine. Jumla 10. Hizo nyingine zote zinahitaji bisibisi tu.

Matundu yaliyokufa yatengenezwe kabla bawaba mpya haijafika karibu. Kama ubao ni mkavu na mgumu, fundi atanue tundu kwa biti ya milimita 8, ajaze gundi nyeupe ya mbao, apige kijiti cha mbao ngumu kilichochongwa duara, akiache usiku kucha, asubuhi akikate sawa na uso kisha atoboe tundu jipya la 2.5 katikati yake. Hapo skrubu inashika mbao, mambo ya mama Vihiga. Njiti za kiberiti zinasaidia kwa wiki mbili, usimlipe mtu kwa njiti za kiberiti. Mahali pengine anaweza kusogeza bamba juu au chini kidogo apate ubao mzima, lakini hapo na shimo la kikombe lazima lihame, na mlango wako umeshapakwa rangi, kwa hiyo mimi ningechagua kijiti. Kama anatoboa upya kwenye chipubodi isiyoharibika, aulizie skrubu nene za makabati, za kipenyo cha milimita 6.3, zinazoingia kwenye tundu la milimita 5. Meno yake makubwa yanashika ubao huo vizuri kuliko zile nyembamba, ila bamba liwe lenye matundu ya kuzipokea.

Chini ya sinki bonyeza ubao kwa kidole gumba kwanza. Ukibonyea, au ngozi nyeupe imefura kama andazi, hakuna kijiti kitakachoshika. Maji yameshaingia, na yametoka kwenye bomba au kwenye kiungo cha sinki na ukuta, kitafutwe kwanza. Halafu akate kipande cha mbao ngumu, mvule ikipatikana, cha urefu wote wa ubavu na upana wa sentimita 10 hivi, akifunge ndani kwa gundi na skrubu kutoka upande ulio mzima, akipake vanishi pande zote pamoja na ncha, na bamba la bawaba likae juu yake. Kwa kuwa kipande kinaongeza unene kuelekea ndani, apime upya mkono wa bawaba kabla ya kununua. Hilo ndilo kosa la safari ya pili dukani.

Milango mingine, fanya mwenyewe Jumamosi. Kila bawaba ina skrubu za aina tatu. Ya mbele kwenye mkono inausogeza mlango kushoto na kulia, ya nyuma inauingiza na kuutoa, na za kwenye bamba zikilegezwa unaupandisha au kuuteremsha. Geuza robo mzunguko, funga mlango, tazama mwanya, rudia. Anza na bawaba ya juu. Mlango ulioinama ukigusa chini upande wa mkono wa kufungulia, mara nyingi ni skrubu ya mbele ya bawaba ya juu ndiyo iliyolegea, na kazi nzima inachukua muda wa chai kuchemka. Ukimaliza, kaza za bamba kwa mkono, kwa mkono nasema, na drili ya fundi ibaki kwenye boksi.

Zile mbili za akiba zifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na skrubu zake, uziweke kwenye droo ya vijiko. Na zile tatu zitakazotoka kwenye mlango mrefu, kama hazina kutu, usimwachie fundi aondoke nazo.